Mrithi Asiye na Mwalimu: Riwaya ya Kufikirika na Suala la Kuachiana Uongozi

1.0 Utangulizi

Riwaya za Shaaban Robert (1909–1962) zimehakikiwa sana, lakini hazikuhakikiwa kwa usawa. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ndiyo iliyopata bahati ya kusomwa na kurudiwa, kwa kuwa kesi ya Karama mbele ya baraza humvuta msomaji wa kila kizazi. Kufikirika, iliyochapwa baada ya kifo cha mwandishi, mara nyingi hutajwa pembeni kama ndugu mdogo wa Kusadikika. Inapohakikiwa, husemwa kuwa ni hadithi ya mvutano baina ya elimu na ushirikina, au baina ya akili na mila. Hatuna nia ya kuipinga rai hiyo. Tunachosema ni kwamba imeliacha swali ambalo riwaya yenyewe inaanza nalo: mkubwa akiondoka, kazi yake itashikwa na nani, na huyo atakuwa ameandaliwa na nani?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kufikirika ni riwaya ya ofisi kama ilivyo riwaya ya kiti cha enzi. Inatenganisha mambo mawili ambayo sisi katika maisha ya kila siku huyachanganya, yaani kumpata mrithi na kumwandaa kiongozi. Mfalme wa Kufikirika alifanikiwa katika la kwanza na akashindwa katika la pili, na kushindwa huko si kwa bahati mbaya. Kulitokana na namna yake ya kuongoza.

Hoja hii haikuanzia maktabani. Ilianzia darasani, hapa Goma, tulipokuwa tukisoma riwaya hii na wanafunzi ambao baadhi yao ni watumishi wa serikali asubuhi na wanafunzi alasiri. Tulipofika mahali ambapo mfalme anasikitikia upweke wa kiti chake, mmoja wao, mtu mzima aliyezeeka katika ofisi za umma, alifunga kitabu akasema: “Mwalimu, huyu mfalme mimi namjua. Nimefanya kazi kwake miaka mingi.” Darasa lilicheka. Lakini kicheko kilipokwisha, tuliona kuwa mzee yule alikuwa amefanya uhakiki bora kuliko ule tuliouandaa.

2.0 Maneno ya kurithiana

Kabla ya kuingia katika riwaya, yafaa tuyatazame maneno yenyewe, kwa kuwa lugha huficha fikra za wenyewe. Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja anayeshika mahali pa mwingine. Mrithi ametoka katika kitenzi kurithi, chenye asili ya Kiarabu, ambacho maana yake ya kwanza ni kupata mali ya aliyekufa. Khalifa ni yule ajaye nyuma ya mwingine. Naibu husimama kwa niaba. Kaimu, kwa asili yake, ni yule asimamaye, na ofisini ndiye anayekishikilia cheo ambacho bado hakijawa chake.

Katika maneno hayo, lile lililotawala mazungumzo ya watu ni mrithi. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Kitenzi kurithi hakihitaji mtoaji aliye hai. Mtoto hurithi shamba hata kama baba hakumwonyesha mipaka yake. Kitenzi hubadilika tunapoongeza kiambishi cha kutendesha: kurithisha. Hapo mtoaji anarudi katika sentensi, tena akiwa mtendaji. Yupo mtu anayetoa, yupo anayepokea, na katikati yao kuna kazi.

Jambo hilohilo linaonekana katika vitenzi vyetu vya Kibantu. Tukisema “mkurugenzi ameacha kazi”, tumesema kuwa ameondoka, basi. Tukisema “mkurugenzi amemwachia fulani kazi”, tumesema jambo jingine kabisa. Kiambishi kidogo cha kutendea, irabu moja tu, kimeleta mtu wa pili katika sentensi. Kuacha ni tendo la mtu mmoja. Kuachia halikamiliki bila wawili. Tofauti hii ya kuacha na kuachia ndiyo tutakayoitumia kuisoma Kufikirika.

3.0 Mfalme anatafuta mtoto

Mwanzoni mwa riwaya nchi ya Kufikirika haina upungufu wowote ila mmoja. Ni kubwa, ina mali na ina majeshi, lakini mfalme hana mtoto. Huzuni yake ni ya kweli, na mwandishi haifanyii mzaha. Tazama lakini jinsi mfalme anavyolifasiri tatizo lake. Analifasiri kuwa tatizo la mwili, na kwa hiyo anawaita waganga. Makundi ya waganga yanakuja moja baada ya jingine, kila kundi na elimu yake: wa mizizi, wa hirizi, wa makafara na wengineo. Hazina ya nchi inafunguliwa, nguvu za dola zinaelekezwa huko, na mwishowe utabiri unasema mtoto atazaliwa.

Wahakiki wamezoea kuisoma sehemu hii kama dhihaka kwa uganga. Sisi tunaona kuwa dhihaka iliyo kubwa zaidi ipo katika lile ambalo halikufanywa. Kufikirika si nchi ya mtu mmoja. Ina watu wa baraza na wakuu wa majeshi, watu wazima waliozijua kazi za nchi kwa miaka. Mfalme anazungumza nao kuhusu huzuni yake, lakini hakuna mmoja anayetazamwa kama mtu awezaye kuibeba nchi. Wao ni wa kupokea amri ya kuwatafuta waganga. Mfalme amezungukwa na uwezo, naye anaona utupu.

Hii ndiyo namna ya uongozi ambayo mwanafunzi wetu aliitambua. Mkubwa wa namna hii si lazima awe mkatili, na wa Kufikirika hakuanza kwa ukatili. Ila anaamini kwamba cheo na yeye ni kitu kimoja, na kwa hiyo anayemfuata lazima awe sehemu ya yeye mwenyewe: mtoto wake, ndugu yake, mtu wa kijiji chake. Wengine wote ni wasaidizi, na msaidizi hata akikaa miaka thelathini hubaki msaidizi. Ofisini watu husema mafahali wawili hawakai zizi moja, na methali hii imetumiwa mara nyingi kumnyima naibu kazi ya kujifunzia. Wanaoitumia hivyo wanasahau kwamba fahali wa kesho ni ndama wa leo, na ndama hakulelewa nje ya zizi. Ipo methali nyingine iliyomfaa mfalme wa Kufikirika zaidi: avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo.

4.0 Mwalimu anaondoka

Mtoto anazaliwa, na hadithi ya kawaida ingeishia hapo kwa ngoma na shangwe. Shaaban Robert haishii hapo, na ndipo tunapoona ukubwa wake. Anamleta mwalimu, Utubusara Ujingahasara, ambaye jina lake peke yake ni falsafa nzima: utu ni busara, ujinga ni hasara. Kazi ya mwalimu huyu ni kumfanya mtoto aliyezaliwa awe mtu awezaye kutawala. Kwa maneno tuliyoyatumia hapo juu, yeye ndiye kiambishi kinachokosekana, kinachoweza kugeuza kurithi kuwa kurithisha.

Hapo mfalme anagongana naye. Hawakubaliani juu ya mafunzo, juu ya kile kinachomfaa mtoto na kile kisichomfaa, na mwalimu anaondoka katika kazi yake. Mfalme yuleyule aliyefungua hazina kwa ajili ya waganga hana subira na mwalimu. Tujiulize kwa nini. Kwa maoni yetu jibu limo katika tofauti ya kazi zao. Mganga anampa mfalme mtoto na hamwombi kubadilika. Mwalimu anamwomba mfalme akubali kwamba mtoto huyu atakuwa mtu mwingine, mwenye akili yake, na kwamba siku moja atatawala si kama baba yake. Kumwandaa anayekufuata ni kukiri kwamba utaondoka. Wakubwa wengi wako tayari kulipa gharama yoyote kuliko kukiri hivyo.

Yanayofuata yanathibitisha hoja. Uhai ndani ya nyumba ya kifalme unapotishwa, dawa inayotajwa ni kafara: atafutwe mtu mwerevu na mtu mjinga, wauawe. Nchi ambayo haikumtumia mwerevu wake katika kufundisha sasa inamhitaji katika kuchinja. Ni lazima shauri lifikishwe penye hoja, ambapo akili inapewa nafasi ya kujitetea mbele ya mila, ndipo msomaji apumue. Wengine wameona kuwa sehemu hii haiungani vizuri na ile ya mwalimu. Sisi tunaziona kuwa ni moja: dola isiyotaka kuandaa watu huishia kuwatoa kafara, kwanza wajinga na kisha werevu.

5.0 Mwandishi alikuwa karani

Yawezekana msomaji akasema tunamlazimisha mwandishi kusema habari za ofisi ilhali yeye alisema habari za wafalme. Tumkumbushe kwamba Shaaban Robert hakuwa mtu wa jumba la kifalme. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Alianza ukarani katika Idara ya Forodha mwaka 1926, akapita idara nyingine, na kufanya kazi Pangani, Mpwapwa na Tanga. Katika utumishi huo Mwafrika aliweza kuwa hodari kiasi chochote, na bado vyeo vya juu vikabaki mbali naye. Wakubwa walikuja kwa meli, wakakaa muda wao, wakaondoka, na mahali pao wakaja wengine kwa meli. Karani aliyejua mafaili yote alimfundisha kazi mkubwa mpya, kisha akarudi mezani pake.

Mtu aliyeishi hivyo hakuhitaji kusafiri hadi Kufikirika ili aione dola iliyozungukwa na uwezo ikaona utupu. Hatusemi kwamba mfalme wa riwaya ni gavana fulani. Twasema kwamba mwandishi aliijua kwa ndani hali ya kuwa miongoni mwa wale wasioonekana pale jina la mrithi linapotafutwa.

6.0 Mifano miwili ya kulinganisha

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), inalileta suala hili kwa njia nyingine. Kinjeketile wa tamthilia hana mtoto wa kumrithi wala kiti cha kuachia, ana neno. Anaomba muda watu wajiandae kabla ya vita, nao hawasubiri. Kitunda, mtu wa vitendo, anachukua uongozi wa mapigano bila kuwa na imani ya mwenzake. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, Kinjeketile anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa anawafikiria watakaokuja baadaye. Max Weber aliandika kwamba uongozi unaotegemea kipaji cha mtu mmoja hupata shida kubwa zaidi siku ya kumpata wa kumfuata. Hussein anaionyesha shida hiyo jukwaani: neno linaweza kurithiwa, kipaji hakirithiki, na kazi isiyofundishwa hupotea vitani.

Mfano wa pili ni Juliasi Kaizari, tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969. Wale wanaomuua Kaizari wamepanga kila kitu hadi dakika ya kisu, na hawakupanga asubuhi inayofuata. Mfasiri wake aliachia urais mwaka 1985, akabaki mwenyekiti wa chama hadi mwaka 1990, na neno kung'atuka likaenea katika Kiswahili kwa sababu yake. Mtu anaweza kujadili kama miaka ile mitano ilikuwa ya kumsindikiza mrithi au ya kumchunga. Lakini hata mjadala huo unawezekana tu pale ambapo mtoaji na mpokeaji wako hai wote wawili.

7.0 Kutoka Kufikirika hadi hapa kwetu

Kwa msomaji wa Kongo riwaya hii si ya kufikirika. Tarehe 30 Juni 1960 nchi yetu ilipata uhuru bila kuwa na hata ofisa mmoja Mkongo katika jeshi la Force Publique, na wenye shahada za chuo kikuu walikuwa wachache mno. Ubelgiji ulikuwa mfalme aliyemkataa mwalimu. Siku chache baadaye, Julai 1960, askari waliasi, vyeo vikagawanywa kwa haraka, na Mobutu, aliyekuwa ameacha jeshi akiwa sajenti na kuwa mwandishi wa habari, akawa kanali na mkuu wa wafanyakazi wa jeshi. Aliitawala nchi tangu 1965 hadi 1997 naye hakumwandaa mtu. Laurent-Désiré Kabila aliuawa Januari 2001 na mwanawe akashika mahali pake. Tulingoja hadi tarehe 24 Januari 2019 kuona rais mmoja aliye hai akimkabidhi mwingine aliye hai bila kutolewa kwa silaha.

Yanayotendeka juu hurudiwa chini. Katika ofisi zetu ipo sherehe ya makabidhiano, ambayo kwa Kifaransa cha kazi huitwa remise et reprise. Hati hutiwa saini, viti na mafaili huhesabiwa, picha hupigwa. Kwa ufundi wake ni desturi nzuri. Lakini kinachokabidhiwa ni vitu. Maarifa ya kazi, yaani nani huombwa nini, faili gani lina kesi isiyokwisha, ahadi gani ilitolewa kwa mdomo, huondoka na mwenyewe katika gari lake. Sheria ya watumishi wa umma ya mwaka 2016 imepanga ngazi na kustaafu, lakini mzee anayeogopa kwamba malipo yake ya uzeeni hayatafika hawezi kumfundisha kijana kwa moyo mweupe. Kumfundisha ni kujifukuza. Kwa hiyo tusiseme kwamba wakubwa wetu ni wachoyo kwa tabia. Wapo walionyimwa njia ya kuachia, wakabaki na njia moja, kuacha, na wengine na ile iliyo mbaya zaidi, kufia kazini.

Mwishoni mwa Januari 2025 mji wetu ulipoingia mikononi mwa kundi la M23, wapo wakuu wa ofisi waliokuwa wamekwisha kuondoka. Hatuandiki hapa habari za siasa wala za vita. Twaandika tu lile tuliloliona katika ofisi moja: wasaidizi wamekusanyika mlangoni, na swali lililoulizwa kwanza halikuwa nani sasa ni mkubwa, bali nani ajuaye kazi. Aliyejua alikuwa mama mmoja wa masjala, ambaye katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumtaja kuwa awezaye kuongoza chochote.

8.0 Udhaifu wa riwaya

Uhakiki usiotaja kasoro ni sifa tu. Kufikirika inamleta mwalimu, lakini inakubali bila kuhoji kwamba anayefundishwa ni mtoto wa mfalme peke yake. Malkia yupo ili azae. Mabinti wa nchi na watoto wa makarani hawamo darasani. Mwandishi anaona kwamba mrithi bila mwalimu ni hatari, lakini hasemi waziwazi kwamba mwalimu mwenye mwanafunzi mmoja pia ni hatari, kwa kuwa mwanafunzi huyo akifa au akiharibika, nchi inarudi kwa waganga. Ofisi ya umma haitakiwi kumwandaa mrithi mmoja. Inatakiwa kuandaa watu kadhaa, ili anayechaguliwa achaguliwe, na asiyechaguliwa abaki akiijua kazi. Mama yule wa masjala hana nafasi katika Kufikirika, na hilo ni pengo la riwaya, si lake.

9.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kufikirika inaposomwa kutoka upande wa mwalimu aliyeondoka, inakuwa riwaya ya kurithishana kazi, na kwamba lugha yetu yenyewe inatupa chombo cha kuisoma: tofauti ya kurithi na kurithisha, ya kuacha na kuachia. Mfalme hakukosa mrithi. Alikosa moyo wa kumpa mrithi huyo mtu wa kumfundisha kinyume chake.

Tusimalizie kwa wafalme na wakurugenzi peke yao. Sisi wa vyuo vikuu tuna ngazi zetu: msaidizi, mkuu wa kazi, profesa. Wapo miongoni mwetu walimu ambao kozi yao imo katika daftari moja, na daftari limo katika mkoba mmoja. Msaidizi hulibebea daftari hilo hadi mlangoni mwa darasa. Tumewazika baadhi ya walimu hao, tukalia kwa haki, kisha tukagundua kwamba kozi nayo imezikwa, na mwaka uliofuata ratiba ikaandikwa nafasi tupu. Kama idara inayofundisha Kufikirika haiwezi kuachiana hata kozi moja ya Kufikirika, basi mzee yule wa darasa letu angeweza kufunga kitabu na kusema tena kwamba mfalme huyu anamjua. Na safari hii pengine tusingecheka.